Kutoka Lalamiko Hadi Jaribio: Tunavyohakikisha Hukatwi Pesa Mara Mbili

Umeweka namba, umeweka kiasi, umeweka PIN, ukabonyeza "Tuma". Halafu duara linazunguka tu. Meseji haiji. Hapo kila mtu hujiuliza swali moja: nibonyeze tena ama nisubiri? Ukisubiri, msambazaji ameshika mzigo wako akisema hajaona kitu. Ukibonyeza tena, unaogopa kukatwa mara mbili.

Wateja wengi hutuuliza tunajuaje kwamba apu haitawakata mara mbili, hasa kila tunapotoa toleo jipya. Jibu ni kwamba hatutegemei bahati, wala kumbukumbu ya mtu mmoja ofisini. Tunachukua maneno ya mteja, tunayageuza kuwa jaribio, na jaribio hilo linajiendesha lenyewe kila tunapogusa apu. Hebu tukuonyeshe hatua kwa hatua.

Kwanza, sentensi moja

Mteja hatuletei mchoro wa mitambo. Anatuambia tu, "Nisikatwe mara mbili." Sisi tunaiandika kama hadithi ya mtumiaji: sentensi fupi inayosema ni nani, anataka nini, na kwa nini. Kwa mfano:

"Kama mwenye duka ninayelipa msambazaji kwa simu, nataka nikibonyeza 'Tuma' tena baada ya mtandao kupotea nisikatwe mara mbili, ili pesa ya stoku ibaki salama."

Njia hii ya kuandika mahitaji ilianza kwa watengenezaji wa programu miaka ya 1990 mwishoni. Mwaka 2001, Ron Jeffries, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza kwamba hadithi nzuri ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi ni ile sentensi. Lakini sentensi peke yake haitoshi, na hapo ndipo kazi inaanza.

Pili, maswali magumu

Tunaketi pamoja: anayewasikiliza wateja, anayeandika programu, na anayejaribu kazi. Kila mmoja anauliza maswali yake.

Kwanza, kurudia ni nini hasa? Tukisema "zuia malipo yanayofanana", tumemfungia mzazi aliyetuma Sh 500 za nauli kwa mtoto mmoja, halafu akakumbuka kutuma Sh 500 nyingine za mwingine kwa simu hiyo hiyo. Huyo hajakosea. Anataka zote mbili ziende.

Pili, itakuwaje kama ombi la kwanza lilipotelea njiani, halikutufikia kabisa? Tukimzuia asitume tena, pesa haijaenda na mzigo hapati.

Kumbe ile sentensi moja ilikuwa imeficha mambo matatu tofauti. Suluhisho ni kwamba kila malipo unayoanzisha yanapewa namba yake ya siri ndani ya simu. Ukibonyeza tena malipo yale yale, namba ni ile ile, na mtambo wetu unajua hiyo kazi ishafanyika. Ukianzisha malipo mapya, namba ni mpya. Kama kiasi na mpokeaji vinafanana na vya muda mfupi uliopita, apu inakuuliza kwanza kama kweli unataka kutuma tena.

Tatu, mifano yenye namba

Maneno kama "salama" na "haraka" kila mtu huyaelewa kivyake. Namba hazina ubishi. Kwa hivyo tunaandika mifano. Hapa tuseme ada ni Sh 30.

Mfano wa 1: Jibu limepotea
- Ikiwa salio lilikuwa Sh 5,000, na mwenye duka ametuma Sh 3,000 zikapita lakini meseji haijamfikia
- Akibonyeza "Tuma" tena kwa malipo yale yale
- Basi salio linabaki Sh 1,970, msambazaji amepokea Sh 3,000 mara moja tu, na mwenye duka anaonyeshwa namba ya muamala ule wa kwanza

Mfano wa 2: Anataka kutuma tena
- Ikiwa salio lilikuwa Sh 10,000, na ametuma Sh 3,000 akapata meseji
- Akianzisha malipo mapya ya Sh 3,000 kwa namba hiyo hiyo
- Basi apu inamuuliza kwanza; akikubali, salio linabaki Sh 3,940 na kuna miamala miwili

Mfano wa 3: Ombi halikufika
- Ikiwa salio ni Sh 5,000, na ombi la kutuma Sh 3,000 halikufika kwetu
- Akibonyeza "Tuma" tena
- Basi malipo yanapita mara moja na salio linabaki Sh 1,970

Umeona huo mpangilio wa "ikiwa, akifanya, basi"? Ulienezwa na Dan North, aliyeandika kuuhusu mwaka 2006. Faida yake ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kusoma mfano na kusema, "Hapana, hii sivyo." Wewe pia unaweza.

Nne, mashine inachukua zamu

Mifano hiyo haibaki kwenye karatasi. Zipo programu za kazi hii. Moja maarufu inaitwa Cucumber, yaani tango, na ilianza mwaka 2008. Programu hiyo inasoma kila mstari wa mfano. Mwandishi wa programu naye ameunganisha kila mstari na kitendo. Mstari wa "ikiwa" unafungua akaunti ya majaribio na kuijaza salio. Mstari wa "akibonyeza" unatuma ombi kwa mtambo. Mstari wa "basi" unasoma salio na kulinganisha. Pesa hapo si ya kweli, na akaunti si ya mteja yeyote.

Salio likiwa Sh 1,970, jaribio ni kijani. Likiwa Sh 1,940 kwa sababu ada imekatwa mara mbili, linakuwa jekundu, na toleo hilo halitoki mpaka lirekebishwe.

Ni kama unapopokea kabati kutoka kwa fundi. Kabla ya kumlipa, unafungua milango na kuvuta droo zote. Tofauti ni kwamba fundi anakuletea kabati mara moja, lakini apu inabadilika mara kwa mara. Mtu anaweza kurekebisha ukurasa wa taarifa ya akaunti, na bila kujua akaharibu kitu kwenye kutuma pesa. Binadamu akirudia kuvuta droo zile zile kila wiki, atachoka na kuruka moja. Mashine hairuki.

Makosa hupenda kukaa mpakani

Tunaweka mifano mingi pale sheria inapobadilika. Kumbuka Machi 2020, korona ilipoingia. Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za dharura: kutuma pesa kwa simu hadi Sh 1,000 kukawa bila ada, na kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapanda kutoka Sh 70,000 hadi Sh 150,000. Ruhusa hiyo ya kutolipa ada iliisha mwisho wa mwaka huo.

Kwa sheria kama hiyo, kujaribu Sh 300 hakutoshi. Kosa hujificha kwenye Sh 1,000 yenyewe. Je, "hadi 1,000" inajumuisha 1,000? Programu ikiandikwa "chini ya 1,000", mteja wa Sh 1,000 kamili atakatwa ada asiyodaiwa. Kwa hivyo mifano mitatu inahitajika: Sh 999 bila ada, Sh 1,000 bila ada, Sh 1,001 na ada. Sheria ikibadilika, mifano inabadilishwa kwanza, halafu programu inafuata.

Jaribio halioni kila kitu

Mashine inajua salio ni ngapi. Haijui kama kitufe kimejificha, kama maneno yanachanganya, ama kama mzee mwenye macho hafifu anaona herufi. Hayo tunayajaribu na watu. Tena jaribio linalinda tu kile kilichoandikwa. Jambo ambalo hakuna aliyelitaja halina mlinzi.

Hapo ndipo wewe unaingia

Ukitupigia na kusema "apu yenu ni mbaya", tunakuhurumia, lakini hatuna pa kuanzia. Ukitupa mambo haya, umetupa karibu mfano mzima:

1. Salio lako lilikuwa ngapi kabla.
2. Ulifanya nini, hatua kwa hatua, na saa ngapi.
3. Nini kilitokea, pamoja na namba ya muamala kama unayo.
4. Ulitarajia nini.

Usitupe PIN yako kamwe. Hatuihitaji, na yeyote anayeiuliza kwa jina letu ni tapeli.

Na siku duara likizunguka tena bila meseji, usianzishe malipo mapya haraka. Fungua kwanza taarifa ya akaunti uone kama malipo yapo. Kama hayapo, rudi kwenye malipo yale yale ubonyeze "Tuma". Hapo ndipo ule mfano wa kwanza na wa tatu vinakulinda.