Uji wa mama mkwe na sukari ya mimba

Mimba ya mdogo wangu ilipofika wiki ya 26, mama mkwe wake alipanda basi kutoka Muheza hadi Mbagala akiwa na ndoo ya unga wa lishe aliousagisha mwenyewe: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga. Kila alfajiri aliupika uji mpaka ukawa unateleza kwenye kijiko bila kukatika, akautia vijiko vitatu vya sukari, akauweka mezani. "Kunywa mwanangu, mtoto apate nguvu." Nani amkatalie mkwe uji?

Wiki hiyo hiyo kliniki wakamwambia sukari yake imepanda. Wakamfundisha kujitoboa kidole na kutumia kimashine cha kupimia. Asubuhi ya kwanza, saa moja baada ya uji, kimashine kiliandika 9.7. Alikuwa ameambiwa asivuke 7.8. Asubuhi iliyofuata alikula mayai mawili, mchicha na kiazi kitamu kidogo cha kuchemsha, akateremshia kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Kikaandika 6.6. Mama mkwe alikichukua kimashine, akakisogeza penye mwanga wa dirisha, akavaa miwani na kusoma mara mbili.

"Kwani uji wangu una ubaya gani?"

Uji hauna ubaya. Kilichobadilisha mambo ni kondo la nyuma. Tumezoea kulifikiria kondo kama mfereji tu wa kumpitishia mtoto chakula na hewa, kumbe pia ni kiwanda cha homoni. Mimba ikiingia nusu ya pili, homoni hizo huwa nyingi kiasi cha kuufanya mwili wa mama uikaidi insulini, ile kemikali ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na viungo vingine. Ukaidi huo una sababu yake: sukari ikikawia kwenye damu ya mama, mtoto anapata fungu lake. Kongosho la mama nalo hujibu kwa kuongeza insulini, mara mbili hata mara tatu ya kawaida. Wanawake wengi huvuka hivyo bila kujua kwamba lilikuwepo shindano lolote mwilini mwao. Wengine kongosho hushindwa kufikia kiwango hicho, sukari ikabaki juu. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Kwa hiyo yale maneno ya mtaani, kwamba "amejiletea mwenyewe kwa kupenda soda", si ya haki. Uzito mkubwa unachangia, umri unachangia, kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, au kuwahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4. Lakini wapo wasio na hata kimoja kati ya hivyo, na sukari ikawapanda vilevile.

Hatari inayozungumziwa iko zaidi kwa mtoto, na inaanzia kwenye jambo moja dogo: sukari ya mama hupita kwenye kondo, insulini yake haipiti. Mtoto anapokea sukari nyingi bila mlinzi, na kongosho lake changa linalazimika kutengeneza insulini ya kuikabili. Kwa mtoto aliye tumboni, insulini ni mbolea. Ananenepa, hasa mabegani na kifuani. Kwetu mtoto wa kilo nne na nusu hupigiwa vigelegele. Mkunga aliyewahi kuona kichwa kimetoka na bega likakwama hapigi vigelegele. Kisha kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini ya mtoto ikiwa bado nyingi, na sukari ya kichanga inaweza kuporomoka katika saa zake za kwanza duniani. Ndiyo maana wakunga huwahimiza mama hawa wanyonyeshe ndani ya saa moja ya kujifungua. Mama mwenyewe anakuwa karibu zaidi na shinikizo la damu la mimba na upasuaji.

Namba za kukatia shauri nani ana ugonjwa huu hazikuokotwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliowafuatilia wajawazito 25,505 katika nchi 9. Watafiti walikuta kwamba hakuna ukuta unaotenganisha sukari salama na sukari ya hatari: kadiri inavyopanda, hata kidogo, ndivyo watoto wakubwa na upasuaji vinavyoongezeka. Kutokana na utafiti huo, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2013 viwango vinavyotumika sasa. Mama anapimwa kabla ya kula chochote, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha anapimwa tena. Ikifika 5.1 akiwa na njaa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, anacho. Namba moja tu inatosha. Kwa kawaida kipimo hiki hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa sababu ndipo kondo linapopamba moto.

Hapa niseme kitu. Ukipimwa mkojo tu na kuambiwa "huna sukari", hujapimwa ugonjwa huu. Sukari ya damu inaweza kuwa juu na mkojo ukawa safi. Na kwa wajawazito wengine figo huachia sukari kidogo kwenye mkojo hali damu yao haina tatizo. Uliza kipimo cha damu.

Turudi kwenye uji. Mahindi ni wanga, na wanga wowote mwishowe hugeuka sukari ya damu. Kinachotofautiana ni mwendo. Unga wa lishe umesagwa vumbi, umepikwa ukalainika, unanyweka bila kutafunwa. Kazi yote ya tumbo imeshafanywa na mashine ya kusaga na jiko. Mahindi yale yale yakiwa makande, na maganda yake na maharage yake, tumbo lingekaa nayo muda mrefu na sukari ingeingia kwenye damu taratibu. Ongeza vijiko vitatu vya sukari, ambavyo ni gramu 12 au zaidi, halafu uufanye uwe mlo wa asubuhi. Hapo ndipo penyewe.

Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote. Kuelekea alfajiri mwili humimina homoni za kumwamsha mtu, na hizo nazo hupingana na insulini. Chakula ambacho mchana kingepita salama, asubuhi kinapandisha. Na kifungua kinywa chetu ni kipi? Chai ya maziwa yenye sukari, chapati, maandazi, vitumbua, mkate: wanga juu ya wanga. Kama mama angebadilisha mlo mmoja tu wa siku nzima, ningemwambia abadilishe huo. Si lazima atafute vyakula vya dukani vilivyoandikwa kwa Kizungu. Watu wa Pwani wana mahamri na mbaazi za nazi, na jibu limo humo humo: hamri moja kwa bakuli la mbaazi, badala ya mahamri manne kwa vijiko viwili vya mbaazi.

Asali haikwepeshi, wala sukari guru. Damu haiulizi sukari ilitoka kwa nyuki au kiwandani.

Mchana na usiku mjadala huwa ni dona au sembe. Dona ina nyuzinyuzi nyingi na ni chaguo jema, ila nimeona watu wakihama sembe kwenda dona na kuukuza mlima wa ugali kwa furaha. Kiasi ndicho kinachosema zaidi. Kipimo rahisi ni ngumi ya mama mwenyewe: ugali, wali, ndizi au mihogo visizidi ukubwa huo, robo ya sahani. Robo nyingine iwe samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage. Nusu inayobaki ni ya mchicha, kisamvu, matembele, bamia, kabichi, nyanya chungu. Sahani zetu nyingi ziko kinyume chake: ugali ndio chakula, mboga za majani ni za kusukumia.

Hata mpangilio wa kula una uzito wake. Majaribio yaliyofanywa New York na Japani kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili yalionyesha kwamba ukianza na mboga na nyama au samaki, ukamalizia na wanga, sukari hupanda kidogo kuliko ukianza na wanga, ingawa chakula ni kile kile. Kujaribu hakugharimu kitu, ila kwa mla ugali kunahitaji mazoezi. Mkono umezoea kumega kwanza.

Matunda hayakatazwi, yanakadiriwa. Chungwa moja ni sawa. Glasi ya juisi ya machungwa ni machungwa matatu au manne yaliyonyang'anywa nyuzinyuzi zake, na hakuna anayekaa kibarazani akala manne mfululizo halafu akaendelea na chakula cha mchana. Embe bivu, nusu inatosha. Juisi ya miwa na soda ni za kuachwa kabisa kwa miezi hii. Chupa ya soda ya mililita 350 hubeba gramu 35 za sukari na zaidi, yaani vijiko karibu tisa.

Kosa lingine ni la walioogopa kupita kiasi. Kuna mama akisikia "sukari" anaacha wanga wote, anashinda na kachumbari na chai kavu. Mtoto anahitaji glukosi, hasa kwa ubongo wake, na miongozo mingi ya lishe inataka mjamzito asishuke chini ya gramu 175 za wanga kwa siku. Kikombe cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi, kwa hiyo nafasi ipo, mradi isimalizwe kwa mkao mmoja. Milo mitatu ya wastani, na katikati yake kitu cha kushikilia: konzi ya karanga, yai la kuchemsha, mtindi usiotiwa sukari, kipande cha parachichi. Mama akila, asiwahi kujilaza. Matembezi ya dakika 10 hadi 15, hata kuzunguka nyumba, huifanya misuli ijichotee sukari yenyewe bila kuisubiri insulini.

Mwezi wa Ramadhani huleta mashaka yake. Dini imempa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ruhusa ya kula, na madaktari wa kisukari huwaweka wajawazito wenye sukari kwenye kundi la hatari wakifunga. Aliyeazimia kufunga azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Futari yenyewe ni mtihani: tende, uji, mihogo ya nazi, kaimati na tambi za sukari, vyote kwenye mkeka mmoja, kwa mtu aliyeshinda na njaa.

Je, chakula peke yake kinatosha? Kwa walio wengi, ndiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005, lililofanyika zaidi Australia likiwa na wajawazito 1,000, lilionyesha kwamba waliopewa ushauri wa chakula, vipimo vya sukari na insulini pale ilipohitajika walipunguza madhara makubwa kwa watoto kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Kati ya waliotibiwa, mmoja kati ya watano hivi ndiye aliyehitaji insulini. Anayehitaji asidhani ameshindwa kula vizuri. Kondo lake lina nguvu kuliko kongosho lake, basi.

Vile vipande vya kupimia ni ghali, na mdogo wangu hakuweza kupima mara nne kila siku. Muuguzi alimpangia kubadilisha: leo kabla ya kula na baada ya chai, kesho baada ya chakula cha mchana, keshokutwa baada ya cha usiku. Aliandika namba nyuma ya daftari la shule la mwanawe mkubwa. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa limemfundisha kuliko karatasi yoyote: chapati moja na maharage, 7.4; chapati mbili, 8.9; wali wa nazi na samaki, akatembea hadi dukani na kurudi, 7.0. Mama mkwe naye akaanza kupika kwa kulisoma daftari. Uji haukuondoka nyumbani. Ulihamia saa kumi jioni, nusu kikombe, bila sukari, karanga zikiongezwa na mchele ukipunguzwa.

Alijifungua mtoto wa kilo 3.3. Kondo likitoka, ule ukaidi wa insulini kwa kawaida huisha ndani ya siku chache, na hapo ndipo wengi hufunga ukurasa mapema mno. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulikuta kwamba aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano zaidi ya mara 7 wa kuja kupata kisukari cha aina ya pili kuliko ambaye hakukipata. Anatakiwa kurudia kipimo cha gramu 75 wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wiki hizo, bila shaka, huja baada ya arobaini, supu ya kuku na uji wa pilipili manga, na hakuna anayekumbuka kliniki ila kwa chanjo ya mtoto.

Mdogo wangu alikumbuka kwa sababu tarehe ilikuwa kwenye daftari. Mama mkwe alimpakata mtoto kwenye benchi la kliniki kwa saa mbili zote za kusubiri. Muuguzi alipotoka na jibu kwamba sukari ya mama iko sawa, bibi alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akakunja mkono wa gauni.

"Na mimi nipime, mwanangu. Uji huu nimeunywa miaka hamsini."