Mzazi, Wacha Mtoi Achore Kunguru Wake Mwenyewe!

Ni Jumapili usiku. Mtoi wa Gredi ya 2 anakumbuka ghafla kuwa mwalimu alisema walete picha ya ndege anayeishi karibu na kwao. Mathe anatoka mbio kwenda saiba kabla haijafungwa, anaprinti flamingo wa Ziwa Nakuru, anabandika na gluu. Kesho yake mtoi anapewa tiki kubwa nyekundu.

Shida ni moja tu: hao huishi Umoja.

Hebu tuambiane ukweli. Hiyo kazi ilikuwa ya macho ya mtoi, si ya printa. Na ndege mwenyewe alikuwa hapo nje kwa waya ya stima: kunguru mwenye kifua cheupe, ama yule mwewe hupora watoi chapo shuleni wakati wa lanchi.

Dawa ya hii stori ni daftari ya mazingira. Ni kama dayari, lakini badala ya kuandika nani amekukosea, unaandika umeona nini nje. Haitaki doo mob. Daftari isiyo na mistari, penseli na dakika kumi, basi.

Anzeni hivi:

1. Chagueni mahali pamoja. Mti wa geti, kando ya mtaro, ama maua yaliyopandwa kwa mkebe wa rangi. Mrudi hapo kila wiki.

2. Tarehe na hali ya hewa kwanza. Jua, mawingu ama mvua? Bila tarehe, hiyo ni picha tu. Ikiwa na tarehe, mtoi ataanza kugundua vitu: jacaranda za Nairobi humwaga maua ya zambarau kuanzia karibu Septemba, na kumbikumbi hutoka mvua zikianza.

3. Achore anachoona. Siafu ana miguu mingapi? Ahesabu. Buibui je? Usimwambie ni minane, wacha ajipatie.

4. Aandike swali moja. "Mbona konokono hutoka mvua ikinyesha?" Usikimbilie kujibu. Wiki ijayo mcheki tena pamoja.

Kwenu hakuna hata nyasi? Weka maharagwe kwa pamba yenye maji, achore kila asubuhi. Ataona mzizi ukitangulia kabla ya jani. Na sheria ni moja: asiguse mdudu asiyemjua, na mikono ioshwe mkimaliza.

Kama unadhani huu ni mchezo, mkumbuke Wangari Maathai. Akiwa mdogo huko Nyeri, alikuwa akienda kijitoni kuteka maji na kutazama mayai ya vyura na viluwiluwi. Miaka baadaye, hicho kijito kilikuwa kimekauka. Alijua kitu kimepotea kwa sababu alikuwa amekiona kwa macho yake. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kwa hivyo kunguru wa mtoi wako akikaa kama kuku, usimfutie. Huyo ni wake, amemwona. Na siku watakuja kukata mti wa geti, kwa hiyo ploti kutakuwa na mtu mmoja anayejua nani alikuwa akiishi huko juu.