Asali ya Tabora yahesabiwa kilomita

Dumu la lita 20 likijaa asali hufikia kilo 28 hivi. Zamani mnunuzi wa Tabora alikuwa na maswali mawili tu juu yake: ina maji kiasi gani, na je, imepikwa? Siku hizi anayenunua kwa ajili ya soko la nje ana la tatu, nalo ndilo gumu: mzinga ulitundikwa wapi, na jirani yake analima nini?

Swali hilo linafika hadi Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora, kwa kuwa mji huu ndio mlango wa asali ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua. Biashara yenyewe si ya jana. Enzi za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoshuka pwani kutoka bara, kwanza vichwani mwa wapagazi, kisha kwa treni reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Mzinga wa gome la myombo ambao Wanyamwezi wameurithi bado unaning'inia misituni, ingawa wataalamu wanausema vibaya, na wana sababu: mti unaochunwa gome hufa.

Jirani wa mzinga, mara nyingi, ni tumbaku. Zao hili lilishika mizizi Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, kuanguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkulima hupewa pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na ndani ya furushi hilo mna dawa ya wadudu. Gharama yake inaandikwa kwenye daftari lake, shilingi kwa shilingi. Nyuki wa mwenzake waliokufa hawaandikwi popote.

Ukiingia kwenye duka la pembejeo, tazama sehemu ya chini ya lebo. Utaona utepe wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Rangi hiyo inaeleza hatari kwa binadamu, basi. Imidakloprid, inayotumika sana dhidi ya vidukari wa tumbaku, ipo kwenye kundi la njano, la sumu ya kiasi. Kwa nyuki mambo ni tofauti kabisa: dozi inayomuua hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni ya gramu. Mkulima anayechagua kwa rangi, na wengi hawana kingine cha kuchagulia, hadanganywi na lebo. Lebo haikuandikwa kwa ajili ya nyuki. Dawa ikishahamishiwa kwenye chupa ya maji ili iuzwe kidogo kidogo, hata utepe huo haupo tena.

Dawa hiyo ni ya aina inayofyonzwa na mmea mzima, kutoka mizizi hadi chavua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani pamoja na ndugu zake wawili, klothianidini na thiamethoksamu, wakati huo ikaruhusiwa ndani ya mabanda ya mimea yaliyofungwa tu. Umoja huohuo unaipokea asali ya Tanzania kwa sharti kwamba kila mwaka nchi ipime masalia ya kemikali, na viwango vyake huhesabiwa kwa sehemu za mia za miligramu kwa kilo.

Tumbaku yenyewe, kwa haki, isibebeshwe kila lawama. Maua yake hukatwa mapema ili jani linenepe, kwa hiyo nyuki hapati mengi shambani humo, ila pale mashina yasipong'olewa baada ya mavuno yakachipua na kuchanua. Mahindi yananyunyiziwa vilevile, hasa tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, na nyuki huifuata chavua ya mbelewele asubuhi, saa ambayo wakulima wengi nao wamebeba mabomba mgongoni. Upande wa Igunga na Nzega kuna pamba na funza wake. Na kosa kubwa la tumbaku huenda si dawa bali bani, banda la kukaushia jani: kuni zake hutoka kwenye mitundu na miyombo ileile inayompa nyuki chakula.

Nyuki huruka kilomita tatu bila shida. Chora duara la kipimo hicho kuzunguka mzinga, utapata zaidi ya hekta 2,800. Hakuna mfugaji wa kawaida anayeweza kuzungumza na kila mwenye shamba ndani yake, hata angekuwa na baiskeli nzuri kiasi gani. Ndiyo maana wenye uwezo wanasogeza mizinga ndani ya misitu. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inaruhusu kutengwa hifadhi za nyuki, na maeneo ya jumuiya za wanyamapori, kama Ipole wilayani Sikonge na Uyumbu upande wa Urambo, yana misitu ambayo bomba halijafika.

Kwa wanaobaki karibu na mashamba, mkulima ana njia za bei nafuu za kuwanusuru nyuki wao: kunyunyizia jioni nyuki wamerudi, kuacha dawa wakati wa maua, kumpigia simu jirani siku moja kabla. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili dawa, na ingeweza kudai alama ya nyuki kwenye lebo. Haingegharimu zaidi ya wino.

Lililobaki ni la bei. Mfugaji aliyehamishia mizinga porini amejiongezea nauli, siku za kulala msituni na hatari ya wezi. Akifika mjini, dumu lake linamiminwa kwenye pipa moja na la aliyerina kando ya shamba lililonyunyiziwa, na wote wawili wanalipwa sawa. Pipa likikwama maabara, hasara pia ni ya wote. Mnunuzi anayetaka kujua mzinga ulitundikwa wapi atalazimika kutenga mapipa, kuandika jina la msitu juu ya kila moja, na kulipa zaidi kwa lile lililotoka mbali.