Mgonjwa Si wa Mtu Mmoja: Panga Mchango wa Familia kwa Simu

Ukambani, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, kila mtu anajua mwethya. Majirani wanakutana na majembe, leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule. Kumtunza mtu mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo kunahitaji zamu kama hizo, kwa sababu harambee moja haitoshi.

Chukua mama wa Mutomo anayesafishwa damu Kitui mjini mara mbili kwa wiki. Hata bima ikilipia matibabu, nauli, chakula na mtu wa kumsindikiza ni juu ya familia. Akikosa nauli siku moja tu, maji na uchafu vinabaki mwilini. Mchango mkubwa wa Desemba hautamfikisha hospitali mwezi wa tano.

Wateja wetu, tunawashauri hivi:

Gawaneni siku. Kaka wa Nairobi atume nauli ya Jumanne, dada wa Mombasa ya Ijumaa. Tumeni jioni iliyotangulia, na muweke na ya kutoa.

Lipeni bima pamoja. Kwa familia isiyo na mshahara, mchango wa SHA unaanzia shilingi 300 kwa mwezi, na unalipwa wa mwaka mzima: 3,600. Mkiwa ndugu wanne, ni 900 kila mmoja. Kama mzazi hajasajiliwa, piga *147#.

Lipia dawa moja kwa moja. Omba nambari ya Till ya duka la dawa. Pesa ikipitia simu ya nyumbani na mtoto amefukuzwa karo, unajua itaenda wapi, na huwezi kumlaumu mtu.

PIN ibaki ya mgonjwa. Wazee wengi humpa mjukuu au mtu wa boda simu pamoja na PIN. Kama mzee haoni vizuri, chagueni mtu mmoja mnayemwamini, mtume kwa simu yake mwenyewe, naye aweke ujumbe wa malipo kwenye grupu ya familia.

Na kama huna kitu mwezi huu? Jirani anayehifadhi insulini ya mwenzake kwenye friji yake, au rafiki wa kanisani anayeuliza "umemeza dawa?", naye amechangia.

Leo jioni piga simu nyumbani. Uliza kliniki ijayo ni lini na nani anatuma nauli. Kama hakuna jina, weka lako.