Jiliwa Linalozunguka na Manyoya Tunayotupa Kiwangwa

Ukishuka Kiwangwa, katika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, kinachokupokea ni mananasi. Nyuma ya vibanda kuna kuku wa kienyeji, na manyoya yao huishia jalalani.

Kwa jirani zetu Kenya, manyoya ni ajira. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti huvuliwa kwa chambo kinachofanana na mdudu. Leo kampuni ya Uingereza, Fulling Mill, ina kiwanda chake Kenya, na vidole vya Wakenya hufunga chambo cha kuuzwa ng'ambo.

Chambo hicho ni ndoana iliyovikwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi zinazometameta. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo la mezani. Jiliwa la kawaida huishika isitikisike, basi. Fundi huona ubavu mmoja. Akitaka kuuona wa pili hana budi kupinda shingo, au kuifungua ndoana na kuibana upya. Linalozunguka limeondoa taabu hiyo: shina la ndoana hulala juu ya mstari wa mhimili, hivyo ukizungusha mpini ndoana hujigeuza palepale. Kosa la tumboni huonekana kabla halijafunikwa.

Hata kuviringisha nyuzi au waya kwenye shina la ndoana huwa kwepesi. Mkono mmoja hukaza waya, wa pili huzungusha mpini, na mizunguko hujipanga kwa nafasi sawa. Kwa anayelipwa kwa dazeni, hiyo ni pesa.

Ila kwetu Pwani, naiona faida kubwa zaidi kwenye gundi. Chambo cha kolekole ni kikubwa; kichwa chake hupakwa gundi nzito na kubandikwa macho mawili. Gundi mbichi ikiachwa tu hutiririkia upande mmoja, kichwa kikaelemewa, chambo kikaogelea ubavu. Ukiligeuza jiliwa polepole mpaka gundi ikauke, uzito hukaa katikati.

Wapo mafundi hodari wasiolitumia, na jiliwa ambalo mhimili wake umelegea ni baya kuliko lisilozunguka kabisa. Anayenunua aangalie hapo kwanza, kisha nguvu ya taya, maana ndoana ya baharini ni nene.

Wageni wanaovua kwa starehe huko Mafia na Pemba hutumia chambo kutoka nje. Kwa nini kisifungwe Kiwangwa? Hata kwa jiliwa lenyewe, mhimili, taya za chuma na skrubu ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, chongeni jiliwa moja la mfano, mlifikishe kwa vijana wa Kiwangwa, na wavuvi wa Bagamoyo wapewe chambo cha kwanza wakijaribu baharini.