Ua la Usambara na Kivuli Chake

Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani huonekana chungu kidogo chenye ua la zambarau. Wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba asili yake ni Afrika Mashariki, na kwamba jamaa zake wa porini huota katika miamba ya Tanga na Usambara.

Mwaka 1892 ofisa wa serikali ya Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alililetea ua hili sifa alipopeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliita Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi Streptocarpus.

Umbile na makazi

Majani yake ni manene, yenye manyoya laini. Hata hivyo, tofauti na mshubiri, mmea huu hauvumilii jua kali. Mizizi yake mifupi hushika nyufa za mwamba zenye udongo haba, nao hutegemea unyevu na kivuli cha miti. Kwa hiyo mtu aweza kuuangamiza bila kuugusa: miti ikikatwa, mwamba hukauka na majani huungua.

Tishio

Mji hauli ardhi unayoikalia tu. Hula pia mawe, mbao na mkaa wa mbali. Karibu na Tanga mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji, na misitu hukatwa. Atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huona upande wa pili wa jambo hilo hilo: machimbo ya Wazo, kisha nyumba mpya zinazopita Tegeta na Bunju kuelekea Mapinga.

Je, si yapo maua tele vyunguni?

Jibu limo katika jani. Likichomekwa pamoja na kikonyo chake katika mchanga wenye unyevu, kivulini, hutoa mizizi, na baada ya wiki kadhaa huchipua mimea midogo. Mimea hiyo hurithi sifa zile zile za mama yake. Hivyo vyungu elfu vyaweza kuwa na urithi wa mmea mmoja. Aina mbalimbali za urithi zimo porini, kila mwamba na wake. Zikipotea, hakuna mtunza bustani awezaye kuzirudisha.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kufanya jaribio hilo kwa jani la mmea wa bustani, kamwe si la porini. Tena wanafunzi wa Bagamoyo, wasiokuwa na ua hili karibu, wapime adhuhuri joto la jiwe lililo chini ya mti na la jiwe lililo juani. Tofauti watakayoiandika ndiyo umbali uliopo kati ya uhai na kifo cha ua la Usambara.