Kompyuta Inapokuwa Nzito: Kupima Kabla ya Kununua

Mto Nduruma huanzia katika miteremko ya Mlima Meru na kuelekea kusini, hadi katika nyanda za joto za kata iitwayo kwa jina hilo hilo, wilayani Arumeru. Wakulima wamechimba mifereji ya kutoa maji mtoni na kuyafikisha mashambani. Kila mwenye shamba katika sehemu hizo anaijua kanuni moja: maji yanayofika shamba la mwisho hayawezi kuzidi yale yanayopita mahali pembamba kuliko pote katika mfereji. Mkulima anayepanua mfereji mbele ya shamba lake, ilhali majani na udongo vimeuziba huko juu, hujichosha bure.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala pia mwendo wa kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi au ngamizi. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na leo kompyuta zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo huuzwa madukani mjini Arusha na kufika hadi vijijini. Vijana huzitumia kwa masomo, na wengi wao huzitumia pia kwa michezo, yaani gemu. Hapo ndipo malalamiko huanzia: picha zinakwama, mchezo unachukua dakika nyingi kufunguka, au mashine inazimika ghafla. Mara nyingi mwenye mashine hushauriwa kununua kifaa kipya kabla ya mtu yeyote kupima kitu chochote. Kwa familia inayotegemea mavuno ya nyanya au mahindi, kosa la namna hiyo huweza kula akiba ya msimu mzima.

Mgawanyo wa kazi ndani ya kompyuta

Ili kujua mahali palipoziba, yafaa kwanza kufahamu njia yenyewe. Kompyuta ya michezo ina sehemu tano zinazohusika zaidi na mwendo wake.

Prosesa hufanya hesabu za mchezo: mpira umefika wapi, mchezaji amegusa nini, adui anaelekea upande gani. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, hushika vitu vinavyotumika wakati huo. Umeme ukikatika, vyote hupotea. Diski huhifadhi mchezo mzima hata mashine ikiwa imezimwa. Kadi ya michoro hupaka rangi kila nukta ya picha inayoonekana katika kioo. Pawasaplai huupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa sehemu nyingine zote.

Mchezo huzipa sehemu hizi kazi ngumu kuliko uandishi wa barua. Kioo cha kawaida chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo kina jumla ya nukta 2,073,600. Ili macho yaone mwendo laini, picha nzima hutakiwa kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kila picha moja, iitwayo fremu, ina muda wa milisekunde 16.7 tu wa kukamilika. Fremu zikipungua hadi 20 kwa sekunde, macho huanza kuona mikatiko.

Hesabu inayomwokoa mnunuzi

Chukulia kompyuta ambayo prosesa yake huandaa fremu moja kwa milisekunde 12, nayo kadi ya michoro huipaka rangi kwa milisekunde 40. Sehemu hizi mbili hufanya kazi kwa kupokezana: kadi inapopaka fremu ya kwanza, prosesa huwa imekwisha kuanza ya pili. Kwa hiyo mwendo wa mashine nzima huamuliwa na aliye mzito, yaani kadi. Milisekunde 1,000 zikigawanywa kwa 40, jibu ni fremu 25 kwa sekunde.

Sasa mwenye mashine ananunua prosesa yenye kasi mara mbili. Kazi iliyochukua milisekunde 12 inachukua 6. Je, mchezo utakwenda kasi zaidi? La. Kadi bado inahitaji milisekunde 40, na fremu ni zile zile 25. Fedha imetumika na hakuna kilichobadilika.

Kama angeacha prosesa yake ya zamani na kununua kadi yenye kasi mara nne, kadi ingetumia milisekunde 10. Hapo aliye mzito angekuwa prosesa kwa milisekunde zake 12, na mashine ingetoa fremu 83 kwa sekunde. Jambo la pili la kujifunza ni hili: baada ya hapo, kununua kadi kubwa zaidi hakungeleta faida, kwa kuwa mahali pembamba pamehama.

Mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kanuni ya jamii hii mwaka 1967: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na sehemu zilizobaki kama zilivyokuwa. Mchezo ukichukua sekunde 100 kufunguka, na sekunde 80 kati ya hizo zikawa za kusubiri diski, prosesa yenye kasi mara mbili itapunguza sekunde 10 tu. Diski yenye kasi mara tano itapunguza sekunde 64.

Kupima bila gharama

Vipimo vya kwanza havihitaji kifaa chochote. Katika mashine zenye Windows, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha inayoonyesha jinsi prosesa, ramu, diski na, kwa kawaida, kadi zinavyotumika. Mchezo ukiwa unaendelea, orodha hiyo isomwe kwa dakika kadhaa.

Ramu ikiwa imejaa na diski ikiwa na shughuli asilimia 100, mashine inahamisha vitu kutoka ramu kwenda diski na kuvirudisha. Diski ya kisahani kinachozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufikia habari iliyo mahali pengine. Ramu hufanya hivyo kwa muda ulio mdogo mno kuliko huo. Mchezo wa Grand Theft Auto V, ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, ulidai ramu ya gigabaiti 4 na kupendekeza 8. Mwenye gigabaiti 4 hapaswi kushangaa akiona mikwamo.

Kipimo cha kutofautisha prosesa na kadi ni rahisi zaidi. Mchezaji apunguze ukubwa wa picha katika mchezo kutoka nukta 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720. Nukta za kupakwa rangi hupungua kwa mara 2.25, ila kazi ya prosesa hubaki karibu ile ile. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Zisipoongezeka, kadi haina hatia, na prosesa au kumbukumbu ichunguzwe.

Kuna kosa jingine linalotokea mara kwa mara na kurekebishwa kwa mkono mtupu. Kompyuta nyingi zina tundu la waya wa kioo katika ubao mama, na jingine katika kadi ya michoro iliyoongezwa. Waya ukichomekwa katika tundu la ubao mama, huenda michoro ikafanywa na kifaa kidogo kilichomo ndani ya prosesa, na kadi iliyonunuliwa ikakaa bila kazi.

Vumbi, joto na umeme

Dalili moja hupaswa kuangaliwa kwa makini zaidi katika sehemu za Arusha. Mchezo huenda vizuri kwa dakika kumi za kwanza, kisha huanza kuzorota. Kifaa kibovu hakina tabia ya kusubiri dakika kumi. Joto ndilo lenye tabia hiyo. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

Mazingira huchangia. Udongo wa volkeno unaozunguka Mlima Meru ukikauka hutoa vumbi laini ambalo huingia kwa urahisi katika mapezi ya kipoza joto na kuyaziba. Zaidi ya hayo, mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Katika halijoto ile ile, feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu kwa takriban asilimia 15, na hewa hiyo ndiyo inayobeba joto kutoka ndani. Nduruma iko chini ya mji, hivyo hewa yake ni nzito kidogo zaidi, ila joto lake la mchana ni kali zaidi.

Tiba yake ni nafuu. Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha vumbi liondolewe kwa brashi laini na hewa, huku feni ikishikiliwa isizunguke. Grisi ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto, ikiwa imekauka, ifutwe na kupakwa mpya. Pawasaplai isifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mashine inayozimika ghafla pindi mchezo mzito unapoanza humfanya mtu ashuku pawasaplai au umeme wenyewe. Volti za kawaida nchini ni 230, lakini mwishoni mwa laini ndefu huweza kushuka. Pawasaplai ya kisasa hujaribu kudumisha kazi yake kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Ikihitaji wati 200, kwa volti 230 huvuta ampia 0.87; kwa volti 160 huvuta ampia 1.25. Kwa kuwa joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya ule ule hutoa joto zaidi ya mara mbili. Kidhibiti volti huweza kuwa ununuzi wa busara kuliko kifaa chochote cha ndani.

Utaratibu wa kununua

Vipimo vikionyesha kwamba kifaa kinahitajika kweli, utaratibu huu hufaa kwa mwenye kipato kidogo.

Kwanza, ramu. Ni vyema kuwa na vipande viwili vinavyolingana kuliko kimoja kikubwa. Kipande kimoja cha aina ya DDR3-1600 hupitisha hadi gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha hadi 25.6. Faida yake huonekana hasa pale ambapo michoro hufanywa na prosesa, kwa kuwa hutumia kumbukumbu hiyo hiyo. Ikumbukwe kwamba DDR3 haiingii katika tundu la DDR4.

Pili, diski isiyo na kisahani, ijulikanayo kama SSD. Hii huharakisha kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa michezo, ingawa haiongezi sana fremu za mchezo uliokwisha kufunguka.

Tatu, kadi ya michoro. Tundu la ubao mama huweza kuilisha kadi hadi wati 75. Kadi kama GeForce GTX 1050 Ti, iliyotolewa mwaka 2016, hutosheka na kiasi hicho. Kompyuta yenye prosesa ya wati 84, kadi ya wati 75 na wati 40 za sehemu nyingine huhitaji takriban wati 200. Mnunuzi asome kibandiko cha pawasaplai yake, na apime nafasi iliyomo sandukuni kwa rula.

Prosesa iwe ya mwisho. Aidha, SSD, na mara nyingi kadi ya michoro pia, huweza kuhamishiwa katika kompyuta ijayo. DDR3 na prosesa ya zamani haziwezi. Suala hili lina uzito, kwani Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za zamani hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Mwenye mashine hiyo anaweza kuweka mfumo wa Linux bila malipo, baada ya kuhakikisha kwamba michezo anayoitaka hufanya kazi humo.

Jaribio kwa darasa

Walimu wanaweza kulifanya somo hili kwa kompyuta moja na saa yenye mshale wa sekunde. Wanafunzi wapime mara tano muda wa kufunguka kwa programu moja kubwa, wakiiwasha mashine upya kila mara, na watafute wastani. Kisha wabadilishe jambo moja tu: wasafishe vumbi, au wafunge programu zinazojifungua zenyewe, au waongeze kipande cha ramu. Wapime tena mara tano na kulinganisha.

Sharti ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja huweza kuona mashine imepona asijue dawa ilikuwa ipi, na siku ugonjwa utakaporudi atayanunua yote matatu tena. Mkulima wa Nduruma hafanyi hivyo. Maji yakipungua, hushika jembe lake na kuufuata mfereji kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka apaone palipoziba. Ndipo huanza kuchimba.